Boti ya machweo hurudi gizani

Pwani yote ya Tanzania Bara imeelekea mashariki. Ukiwa Kunduchi, Kigamboni, Bagamoyo au Kilwa, jua unaliona likichomoza baharini, na jioni linakupita kisogoni kwenda kutua nchi kavu. Anayepanda boti nje ya bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Desemba ili aone machweo, inambidi aipe bahari mgongo, kwa maana jua linashukia upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe. Yaani machweo aliyoyalipia yako kwetu. Sisi wa Msimbu, wilayani Kisarawe, tunayatazama kila jioni kutoka kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, bila kukata tiketi.

Sisemi hivyo ili kumkatisha mtu tamaa. Baharini kuna mambo ambayo kilimani hayapo: upepo unaotulia ghafla, maji yanayogeuka rangi mara tatu nne ndani ya robo saa, mji mzima unaowasha taa mbele ya macho yako. Nimezipenda safari hizi na ninawahimiza jirani zangu waende. Ninachotaka ni waende wakijua wananunua nini.

Maana siku hizi wanakwenda kwa wingi. Mwaka ukielekea ukingoni, korosho zimeuzwa na shule zimefungwa, vijana wetu wanaofanya kazi mjini huja nyumbani na wazo moja: mwaka huu tusiishie kwenye pilau, twende wote baharini, tupande boti ya jioni. Bibi anavishwa kitenge kipya, watoto wanapewa biskuti za njiani, safari inaanza: gari hadi Kisarawe mjini, daladala hadi Gongo la Mboto, nyingine hadi Posta, nyingine tena hadi ufukweni. Wanafika wamechoka, saa 11 imekaribia, na hapo ndipo wanapokutana na kijana mwenye simu mkononi iliyojaa picha za jua jekundu. Uamuzi unafanywa kwa dakika tano, na kwa kawaida unafanywa kwa picha na kwa bei.

Msimamo wangu ni huu. Safari ya machweo ni safari ya usiku. Jua linapozama, boti iko mbali na nchi kavu, na kila kitakachofuata kitafanyika gizani: kugeuza chombo, kukata mawimbi, kutafuta njia ya kuingilia kati ya miamba, kuwateremsha wazee na watoto. Anayechagua boti kwa uzuri wa jua amechagua nusu ya safari. Boti ichaguliwe kwa kurudi.

Huku kwetu karibu na Ikweta jua halitui kwa kunyata. Linashuka karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse upeo wa macho hadi lizame lote ni dakika mbili na kidogo, kisha zinabaki kama dakika ishirini za mwanga unaomwezesha mtu kuona anachofanya. Kule Ulaya ya kaskazini, katika miezi yao ya joto, mwanga wa jioni hukaa hata saa nzima baada ya jua kutua, na mgeni aliyetoka huko hana shida kusema tukae kidogo, hakuna haraka. Kwetu haraka ipo. Dar es Salaam jua hutua mapema kuliko wakati wote mnamo mwezi wa Mei, kama saa 12:13 jioni, na huchelewa kuliko wakati wote mwezi wa Februari, kama saa 12:48. Tofauti ni nusu saa tu kwa mwaka mzima. Boti inayoondoka saa 11 na nusu kwa safari ya saa mbili itarudi saa 1 na nusu usiku, na hapo, uwe mwezi wowote, giza limekwisha kutanda.

Kuna na maji yenyewe. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari huwa ya bamvua, na katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia mita tatu na zaidi. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 jioni. Kwa hiyo saa 11 utaikuta boti imesogea hadi mchangani, utapiga hatua mbili tatu umo ndani, na utasema mambo ni mepesi. Saa 1 na nusu usiku maji yatakuwa yamekwisha kupwa zaidi ya nusu. Boti haitafika pale ilipokuchukulia. Itasimama mbali, na bibi aliyepandishwa kwa kushikwa mkono atateremshwa kwenye maji ya mapajani, gizani, juu ya mawe na majani ya bahari, kitenge kimelowa, asijue mguu unakanyaga nini.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu na mambo yanageuka. Saa 10 jioni ndipo yanapokuwa yamepwa, kisha yanaanza kupanda taratibu. Utatembea kwenda kuifuata boti mwanga ukiwepo, unaona kila jiwe, na usiku itakuleta karibu zaidi. Mtu mwenye wazee ndani ya familia yake achague jioni ya maji mafu. Wavuvi na watoto wao wanalijua hili bila kufundishwa darasani. Sisi tunaokaa saa chache tu kutoka baharini hatulijui, na anayetuuzia safari hana sababu ya kutueleza, kwa sababu yeye anauza kila siku, iwe bamvua au maji mafu.

Nilimpeleka shangazi yangu jioni moja, kwenye ufukwe mmoja wa Dar es Salaam. Ni mkulima, hajawahi kupanda chombo chochote zaidi ya pantoni ya Kigamboni. Kijana wa boti ya kwanza alimpokea kwa adabu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Akamwonyesha simu. Jua jekundu, tanga jeusi mbele yake, maji yanameremeta. Shangazi akaitazama picha kwa makini, akamrudishia.

"Nzuri sana. Sasa nionyeshe taa mtakayorudi nayo."

Kijana akasema simu ina tochi. Shangazi akauliza maboya ya kujiokolea yako wapi. Yakavutwa kutoka chini ya kiti, yamefungwa pamoja kwa kamba ya nailoni, mengine bado yamo kwenye mifuko yake ya plastiki. Fundo lilikuwa limekaza kiasi kwamba alilivuta kwa meno. Lilipofunguka tuliona mawili hayana vifungo, na la mtoto hakuna hata moja. Kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwajiriwa, boti si yake, na naamini hakuna abiria aliyewahi kumuuliza.

Hatua thelathini mbele alikuwepo nahodha mtu mzima, na mashua yenye tanga na injini ndogo nyuma. Jaketi okozi zilikuwa zimetundikwa ubavuni mwa mashua kama nguo kwenye kamba, kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine. Alimvisha kila mtu kabla hajakanyaga majini. Shangazi aliambiwa akaze kanga yake vizuri kwanza, jaketi lije juu, maana kanga ikifunguka ndani ya maji inafunga miguu. Watoto walipitishiwa mkanda katikati ya miguu, kwa sababu mtoto aliyevaa jaketi lisilo na mkanda huo huchomoka chini na jaketi likabaki linaelea peke yake. Kisha akauliza, bila kumtahayarisha mtu, nani hajui kuogelea. Karibu wote tulinyoosha mikono. Akatupanga tukae katikati. Mwisho akamwita kijana wake anayebaki ufukweni, akaandika majina yetu kwenye daftari na saa anayotarajia kurudi. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya kwanza. Tulipanda kwake.

Habari ya taa inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka kila chombo kionyeshe taa tangu jua kutua hadi jua kuchomoza: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Vyombo vidogo vimepewa nafuu, lakini hata chombo kidogo kabisa cha tanga au cha makasia kinatakiwa kiwe na tochi ya mwanga mweupe mkononi, tayari kuwashwa mapema kabla chombo kingine hakijakaribia. Taa hizo hazikusaidii wewe kuona mbele. Zinamsaidia mwingine akuone. Mbele ya Dar es Salaam zinapita meli za mizigo, zinapita boti ziendazo kasi za Zanzibar, zinapita mashua za wavuvi wanaotoka usiku. Nahodha wa meli aliye juu ya orofa kadhaa za chuma hawezi kuiona mashua isiyo na taa, na hata akiiona, meli haisimami kama bodaboda. Tochi ya simu iliyoshikwa na mtu anayepiga picha za mawingu haihesabiki.

Halafu upepo. Kaskazi inaanza kuvuma Desemba na kukaa hadi Machi, na jioni nyingi za miezi hiyo bahari huwa na adabu. Kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, ina nguvu, na mchana wake huikoroga bahari hadi jioni. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ilikuwa mchana kweupe, na ilikuwa meli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa Kiswahili kilicho wazi kabisa, redioni na mitandaoni: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Ukisikia maneno hayo asubuhi, usiende kubishana na nahodha jioni. Tafuta samaki wa kukaanga, kaa ufukweni na watoto, rudi nyumbani. Na nahodha anayekukatalia kuondoka wakati umekwisha kufika na pesa unayo mkononi, mshukuru na uchukue namba yake, kwa sababu amejinyima riziki ya siku hiyo kwa ajili yako.

Anayetaka kuliona jua likizama majini kweli avuke kwenda Unguja. Pwani ya magharibi ya kisiwa, kuanzia Shangani na Forodhani mjini hadi Kendwa na Nungwi, inatazama mkondo wenye upana wa zaidi ya kilomita 30, na jua linaingia baharini mbele yako. Pwani hiyo pia imekingwa na kisiwa chenyewe, hivyo hata kusi ikivuma huko mashariki Paje na Jambiani, upande wa Kendwa maji mara nyingi huwa yametulia. Nungwi ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Ukienda mchana utawakuta wanachonga mbao na kutia kalafati ufukweni, na ukipanda chombo jioni unaweza kuwa umekaa juu ya kazi ya mikono uliyoiona asubuhi. Lakini kwa familia ya Msimbu kuvuka ni gharama ya nauli na malazi, na mimi sitaki watu wadhani machweo halali ni ya Zanzibar tu. Jua likishuka nyuma ya maghorofa ya Posta, ukiwa majini, lina uzuri wake.

Chombo gani basi? Ngalawa ina mirengu miwili inayoishika isipinduke kirahisi, lakini imekaa chini mno, watu wanalowa, na nafasi ni ya wachache. Inawafaa vijana. Jahazi kubwa ni tulivu na lina heshima yake. Boti ya faiba yenye injini mbili inakimbia, na ikiwa injini moja itagoma ya pili inarudisha watu. Hiyo ni faida ambayo siidharau. Ninazoziogopa ni boti za ghorofa zilizofungwa spika kubwa juu, ambamo watu wanacheza muziki na vinywaji vinazunguka. Ziogope hasa kwa zile dakika mbili za jua. Nahodha amezoea uzito umekaa sawasawa, halafu ghafla mtu mmoja anapiga kelele kuwa jua linazama, na abiria wote, walioko chini na walioko juu, wanakimbilia upande mmoja kupiga picha. Chombo chenye watu juu kinapoinamishwa namna hiyo hakihitaji wimbi. Nahodha mzuri huzuia hili kabla halijatokea: anageuza boti yenyewe polepole ili kila mtu alione jua akiwa amekaa. Muulize kabla ya kulipa kama ndivyo anavyofanya. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu mengine yote.

Kuna jambo moja ambalo, kama ningepewa nafasi ya kulidai kwa wenye mamlaka, ningeacha mengine yote nilidai hilo. Ni daftari la majina.

Angalieni misiba yetu ya majini. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa. MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu zaidi ya 2,000 wakati uwezo wake haukufika hata nusu ya hao. Idadi iliyotangazwa mwanzoni na ile iliyotolewa na tume baadaye zilipishana kwa zaidi ya watu elfu moja. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Siku zilipita kabla mtu yeyote hajaweza kusema kwa uhakika walikuwemo wangapi. Kote huko kuna familia zilizokaa matanga bila maiti na bila karatasi inayosema ndugu yao alipanda.

Hizo zilikuwa meli na vivuko vya serikali na vya makampuni, vyenye gati, wakatisha tiketi na wakaguzi. Boti ya machweo inaondokea mchangani. Ikipotea na watu kumi na wawili, nani anajua kuwa walikuwa kumi na wawili? Nani anajua walitakiwa wawe wamerudi saa ngapi, ili atoe taarifa saa 2 usiku badala ya kesho asubuhi? Kwenye maji, tofauti kati ya saa 2 usiku na kesho asubuhi ndiyo tofauti kati ya uokoaji na mazishi.

Tunalo Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ambalo lilichukua kutoka SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, jukumu la usalama wa vyombo vya majini. Zanzibar wanayo Mamlaka yao ya Usafiri Baharini. Sioni sababu ya kila ufukwe unaojulikana kwa boti za jioni, Kunduchi, Msasani, Mjimwema, Bagamoyo, kutokuwa na mtu mmoja mwenye daftari na simu. Hata vikundi vya kusimamia fukwe (BMU), ambavyo tayari vipo kwenye vijiji vya wavuvi, vingeweza kupewa kazi hiyo kwa ada ndogo kutoka kila safari. Chombo kinapoondoka: jina la chombo, jina la nahodha, majina ya abiria, saa ya kurudi. Kinaporudi: tiki. Pembeni yake pawekwe ubao, kwa Kiswahili, unaotaja kila boti na idadi ya watu inayoruhusiwa kubeba. Jambo hili halihitaji mkopo wala mfadhili. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na watu wamezoea kabisa kulipa ada na kuandikishwa wanapokwenda huko. Tumeweza kuyaandikia matumbawe utaratibu. Abiria wanastahili angalau huo huo.

Na ninasema hivi nikimfikiria hasa mtalii wa ndani. Zanzibar peke yake ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Wengi wao huja na wakala, na bima, na hoteli inayojua wako wapi. Wakichelewa kurudi kuna mtu atapiga simu. Familia iliyotoka Msimbu siku ya Idi au Krismasi haina wakala. Siku hizo za sikukuu, boti nzuri zimekodiwa mapema, na zinazobaki kusubiri abiria wa papo kwa papo ni zile ambazo mwaka mzima zimelala juu ya mchanga. Zinajazwa hadi maji yanakaribia ukingo, kwa sababu ni siku ya biashara na kila mtu anataka kupanda. Inaniuma kuona mgeni amefungwa jaketi jipya la rangi ya chungwa huku mwenyeji, kwenye boti ya pili yake, anaambiwa asiwe na wasiwasi, bahari shwari.

Kulipa kwa kichwa ndiko kunakojaza boti. Nahodha anayelipwa kwa kila abiria ana sababu ya kumwongeza wa kumi na tano, na wa kumi na sita, na mtoto wa kupakata asiyehesabiwa. Familia au majirani wakichanga na kukodi boti nzima kwa bei moja, sababu hiyo inakufa. Nahodha anajua malipo yake yote, hana haja ya kusubiri wengine, na kwa hiyo anaondoka kwa wakati na kurudi kwa wakati. Tukiweza kuchangiana kukodi basi la harusi kutoka Msimbu hadi Maneromango, tunaweza kuchangiana boti. Na tusimkandamize nahodha kwa bei. Pesa unayoipunguza kwake haitoki kwenye faida yake tu. Inatoka kwenye mafuta ya akiba, kwenye vifungo vya jaketi, kwenye betri ya taa.

Wengi wetu huku ni Waislamu, na safari hii inaangukia juu ya Magharibi. Nimesikia watu wakiacha kwenda kwa sababu hiyo, na wengine wakienda na kuipoteza sala. Hakuna lazima ya mojawapo. Kutoka jua kutua hadi wekundu wa mawingu kwisha kuna kama saa moja na dakika chache. Mkubaliane na nahodha tangu mwanzo kwamba jua likishazama boti inageuka papo hapo, isiende mbali zaidi ya mwendo wa nusu saa kutoka ufukweni, na mtashuka mkiwahi. Nimegundua kuwa nahodha anayesali mwenyewe hahitaji kuambiwa. Na anayekubaliana na sharti hilo amejifunga pia kutokwenda mbali na kutozubaa gizani, jambo linalomfaa hata abiria Mkristo aliyekaa pembeni.

Kuhusu malipo, utaratibu ninaoupendekeza kwa jirani zangu ni nusu kabla ya kupanda na nusu baada ya kurudi. Mwenye pesa asipande nayo yote. Nusu ya pili ibaki kwa ndugu aliyekaa ufukweni na wasiotaka kupanda, huyo huyo mwenye nakala ya majina na namba ya nahodha, na aitoe pale atakapokuwa amewahesabu wote, mmoja mmoja, mchangani. Manahodha niliowaeleza jambo hili wakati wa kupatana, wengi walikubali bila ubishi. Wachache walikasirika, na kwa hao hatukupanda.